Maswali ya Wasomaji: Kunasa Skrini ya Laptopu

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: namna ya kupiga picha kile kilicho kwenye skrini, au kukirekodi kwa video. Tumechagua zile zinazowagusa wengi.

Swali: Nilinunua laptopu ya mitumba iliyotoka Uingereza, ina Windows 10. Kila nikibonyeza PrtSc hakuna kinachotokea. Nilitaka kuhifadhi ukurasa wa iTax unaoonyesha kwamba nimewasilisha marejesho ya ushuru. Kitufe kimekufa ama ni mimi sijui? — *Msomaji, Umoja*

Jibu: Yawezekana kitufe ni kizima. PrtSc ikibonyezwa peke yake haitoi sauti, haimuliki wala haitengenezi faili. Inachofanya ni kunakili skrini nzima kwenye kumbukumbu ya muda, ile ile inayobeba maneno unapoyanakili. Fungua Paint, Word au gumzo lolote la WhatsApp Web, kisha bonyeza Ctrl na V. Picha ikitokea, kitufe kilifanya kazi tangu mwanzo. Tahadhari ni kwamba kumbukumbu hiyo hubeba kitu kimoja tu, kwa hiyo ukinakili hata neno moja baadaye, picha imekwenda. Ukibonyeza Windows na V na kuiwasha historia yake, itakuwa inakukumbukia vitu 25 vya mwisho. Ukizima na kuwasha laptopu vyote hufutika, isipokuwa vile ulivyovibana kwa pini.

Ikiwa Ctrl na V haikuleta kitu, kitazame kitufe chenyewe kwa makini. Kwenye laptopu nyingi herufi PrtSc zimechapwa kwa rangi tofauti, au ziko pembeni mwa kitufe chenye kazi nyingine, kwa mfano F10 au Insert. Hapo ni lazima ushikilie Fn kwanza. Kwenye ThinkPad nyingi kitufe hicho kimejificha mstari wa chini kabisa, kati ya AltGr na Ctrl ya kulia. Na kama kweli kimevunjika, bonyeza Windows, Ctrl na O. Kibodi itachorwa kwenye skrini nawe utaibofya PrtSc yake kwa kipanya.

Njia tunayoipendelea sisi ni Windows na PrtSc kwa pamoja. Skrini hufifia kufumba na kufumbua, na picha ya PNG huingia moja kwa moja kwenye folda ya Screenshots iliyo ndani ya Pictures. Ukiikosa humo, angalia Pictures ya OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft), kwa maana OneDrive ikiwashwa mara nyingi huihamishia kwake. Alt na PrtSc hunakili dirisha moja tu, lile unalolitumia. Windows, Shift na S hukuruhusu kuburuta kishale na kukata kipande unachotaka. Hapa ndipo watumiaji wa Windows 10 hupoteza picha. Kipande hicho hakihifadhiwi mpaka ubofye ile arifa inayochomoza pembeni, kisha ukihifadhi mwenyewe. Windows 11 iliyosasishwa hukihifadhi bila kuambiwa.

Kuhusu iTax, usitegemee picha. Mfumo hutoa risiti ya uthibitisho ya kupakua baada ya kuwasilisha. Ipakue hiyo na uitunze.

Swali: Ninaandaa maelekezo yenye picha kwa wafanyakazi wapya wa saiba yetu. Kila nikitaka kupiga picha ya menyu iliyofunguka, menyu inajifunga. — *Msomaji, Ngara*

Jibu: Inajifunga kwa sababu umebofya kwingine. Fungua Snipping Tool, tafuta alama ya saa, uchague kuchelewesha sekunde 3, 5 au 10 (kwenye Windows 10 programu inaitwa Snip & Sketch, na ina 3 na 10 tu). Bofya kuanza, fungua menyu yako, tulia. Sekunde zikiisha skrini itagandishwa jinsi ilivyo, menyu ikiwa wazi.

Swali: Mwenye nyumba alikubali kwa WhatsApp kunirudishia dipoziti, sasa ananiruka. Nimepiga picha za mazungumzo kupitia WhatsApp Web, vipande 12. Rafiki yangu anasema korti haitambui picha za skrini. — *Mpangaji, Kasarani*

Jibu: Pole sana. Rafiki yako hajapata ukweli wote. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, inakubali ushahidi wa kielektroniki. Kifungu cha 106B kinadai uambatane na cheti kilichotiwa sahihi, kinachoeleza rekodi ni ipi, ilitolewa vipi na kwa kifaa gani. Kifungu cha 78A nacho kinaitaka korti ipime jinsi rekodi ilivyotengenezwa na kutunzwa kabla ya kuipa uzito. Wakili atakuandikia cheti. Kazi yako ni kuhakikisha picha zenyewe hazina mwanya.

Tuanze na jina. Jina linaloonekana juu ya gumzo ni lile uliloliandika wewe kwenye simu yako, na ungeweza kuandika lolote. Bofya jina hilo, fungua maelezo ya mwasiliani, upige picha inayoonyesha nambari yake ya simu. Kisha tarehe. Ujumbe wa karibuni WhatsApp huuwekea kichwa cha leo, jana au jina la siku ya wiki, na tarehe kamili huja baadaye. Picha yenye neno "jana" haitasema lolote miezi sita ijayo. Ndiyo maana tunakusihi upige skrini nzima kwa Windows na PrtSc, ili saa na tarehe za kona ya chini kulia ziingie, badala ya kukata kipande kizuri cha mazungumzo peke yake.

Vipande 12 vinafaa iwapo vinashikana. Kila picha ianze na ujumbe wa mwisho wa picha iliyotangulia, ili pasiwe na wa kudai umeruka kitu. Usivichore mishale, usivikate, usivibadilishe. Weka nakala za PNG kama zilivyotoka, moja kwenye laptopu na nyingine kwenye flashi. Ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida, zitabanwa na maandishi yatafifia. Zitume kama hati. Na zaidi ya yote, usiyafute mazungumzo kwenye simu. Hayo ndiyo chanzo, na picha ni kivuli chake. Simu pia ina nafasi ya kutoa gumzo zima kama faili ya maandishi. Fanya hivyo leo.

Wasomaji wengine wameuliza kuhusu kunasa ukurasa mrefu kwa mkupuo mmoja. Kwa tovuti za kawaida inawezekana. Kwenye Firefox bofya kulia na uchague "Take Screenshot", halafu uhifadhi ukurasa mzima. Kwenye Edge ni Ctrl, Shift na S. Kwenye Chrome rahisi zaidi ni Ctrl na P, uhifadhi kama PDF, ukiweka tiki kwenye "Headers and footers" ili anwani ya ukurasa na tarehe zichapwe pembeni. WhatsApp Web haikubali mbinu hii kwa kuwa mazungumzo husogea ndani ya kisanduku chake. Ukurasa wenyewe haurefuki, kwa hiyo kivinjari hunasa tu kile kinachoonekana.

Swali: Ninafundisha hisabati katika shule ya upili na nataka kurekodi masomo ya dakika 40. Nikitumia Windows na G, inarekodi PowerPoint pekee. Nikihamia kwenye folda au kivinjari, video haionyeshi. Mara ya pili nilikuta video haina sauti yangu hata kidogo. — *Mwalimu, Kayole*

Jibu: Mwalimu, chombo hicho kiliundwa kwa ajili ya wacheza michezo. Game Bar hushikilia dirisha moja, lile lililokuwa mbele ulipoanza, na haikubali kurekodi eneo-kazi wala File Explorer. Kwa somo linalorukaruka kati ya programu, haifai.

Ukiwa na Windows 11, fungua Snipping Tool, bofya alama ya kamera ya video, buruta kuzunguka skrini nzima, na kabla ya kuanza utazame alama ya maikrofoni kwenye upau wa juu. Ikiwa na mstari, imezimwa. Video huhifadhiwa kama MP4 katika folda ya Videos, ndani ya Screen Recordings. Windows 10 haina uwezo huo, lakini PowerPoint ya 2016 na kuendelea inao. Nenda Insert, halafu Screen Recording, uchague eneo, na usimamishe kwa Windows, Shift na Q. Video itajipachika kwenye slaidi. Ibofye kulia na uihifadhi kama faili ya kujitegemea.

Sauti hukosekana kwa sababu mbili kuu. Ama programu haikuruhusiwa kutumia maikrofoni katika mipangilio ya faragha ya Windows, ama Windows inasikiliza maikrofoni nyingine kabisa, mathalani ile ya spika za masikio ulizozichomoa jana. Rekodi sekunde 30, usikilize, ndipo uanze somo. Usiruke hatua hii hata ukiwa na haraka, maana dakika 40 za bubu hazirudi.

Fikiria pia wanafunzi watatazama kwa kifaa gani. Wengi watatumia simu. Hesabu iliyoandikwa kwa herufi za kawaida kwenye skrini ya laptopu husinyaa mno ikifika kwenye kioo cha simu. Kuza ukurasa kwa Ctrl na alama ya kujumlisha hadi asilimia 150, ukiandika mistari michache kila slaidi. Zima arifa zote na ufunge WhatsApp Web, kwani ujumbe wa mama watoto ukichomoza katikati ya kipeo cha pili, umeshaingia kwenye video. Vaa spika za masikio ili sauti ya laptopu isirudi kwenye maikrofoni kama mwangwi.

Swali: Betri ya laptopu yangu imekufa, kwa hiyo natumia umeme moja kwa moja. Nilirekodi skrini saa moja na nusu kwa programu ya OBS, stima ikapotea. Faili ya MP4 ipo, ina karibu GB 2, lakini haifunguki popote. — *Msomaji, Zimmerman*

Jibu: Data imo, kilichokosekana ni faharasa. MP4 ya kawaida huandika mwishoni kabisa orodha inayoieleza programu kila fremu ilipo. Stima ilipokatika, orodha haikuandikwa. Jaribu programu ya bure iitwayo untrunc. Itakuomba video nyingine nzima iliyorekodiwa kwa OBS hiyo hiyo na mipangilio ile ile, ijifunzie mpangilio kutoka kwayo. Mara nyingi huokoa sehemu kubwa. Fanyia kazi nakala, uache faili asilia ilivyo.

Kuanzia sasa ingia Settings, Output, kisha Recording, ubadilishe umbo la faili liwe MKV. Hilo huandikwa hatua kwa hatua, na umeme ukikatika utapoteza sekunde chache tu. Ukimaliza, nenda File, kisha Remux Recordings. Itageuzwa kuwa MP4 upesi bila kupoteza ubora.

Saizi nayo unaipanga wewe. Kwa kilobiti 2,500 kwa sekunde pamoja na sauti, dakika moja hula karibu MB 20, yaani saa moja ni GB 1.2. Slaidi zinazotulia hazihitaji zaidi ya hapo, na fremu 20 kwa sekunde zinatosha badala ya 30. Usirekodi moja kwa moja kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, maana mfumo huo hauwezi kubeba faili moja inayozidi GB 4. Kwa kilobiti 6,000 utafika kikomo hicho baada ya saa moja na nusu hivi, na rekodi itakatika.

Swali: Ofisini hutuma picha za majedwali baada ya kupaka rangi nyeusi juu ya nambari za vitambulisho. Mwenzangu aliongeza mwangaza wa picha akazisoma zote. Inawezekanaje? — *Msomaji, South B*

Jibu: Ulitumia kalamu ya kuangazia. Wino wake hupitisha mwanga: nambari hufunikwa kama kwa kitambaa chepesi, na ukiongeza mwangaza zinajitokeza. Kuficha kwa vimraba vya ukungu nako si salama kwa tarakimu, kwa sababu kuna tarakimu kumi tu za kukisia. Fungua Paint, chora mstatili uliojazwa rangi nyeusi kamili, hifadhi. Katika PNG kilichokuwa chini yake hakipo tena. Ndani ya Word au PDF mambo ni mengine: mstatili unaweza kuondolewa na maandishi yakabaki chini.

Hata kukata picha kuliwahi kuwa na hatari. Mwezi Machi 2023 ilibainika kwamba Snipping Tool ya Windows 11 na Snip & Sketch ya Windows 10, ukikata picha na kuihifadhi juu ya ile ya awali, ziliacha data ya sehemu iliyokatwa mwishoni mwa faili, na iliweza kurejeshwa. Microsoft ilitoa marekebisho mwezi huo huo, lakini picha zilizohifadhiwa kabla yake bado zimebeba mabaki. Zikague kabla ya kuzituma tena. Nambari ya kitambulisho ni data ya kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ofisi yenu ndiyo inayowajibika nayo. Salama zaidi ni kuifuta safu hiyo kwenye nakala ya jedwali, ndipo upige picha.

Swali: Nikipiga picha ya filamu ninayotazama mtandaoni, natoka na mraba mweusi. — *Msomaji, Kariobangi*

Jibu: Laptopu haina kosa. Huduma za filamu hufunga picha kwa ulinzi wa hakimiliki, na njia hiyo iliyofungwa haipiti mahali ambapo PrtSc huchota.

Swali: Na sisi wa MacBook? — *Msomaji, Kilimani*

Jibu: Command, Shift na 3 hunasa skrini nzima, 4 hunasa kipande, na ukibonyeza 4 kisha upau wa nafasi, utanasa dirisha moja. Ongeza Control ukitaka inakiliwe bila faili. Command, Shift na 5, iliyokuja na macOS Mojave mwaka 2018, huleta upau wenye vitufe vya video pia. Fungua "Options" humo uchague maikrofoni kabla ya kuanza, kwani isipochaguliwa video hutoka bubu. Faili zote huangukia eneo-kazi.