Bastola ya kwanza ya kulengea shabaha: kwa nini nakushauri uanze na .22

Ndugu yangu wa Texas uliyeuliza kama ununue bastola ya milimita 9 au ya .22 (namba hizi ni kipenyo cha risasi; .22 ni sehemu ya inchi, ndogo kuliko milimita 9) kwa kulenga shabaha siku za mapumziko, nakujibu kwa yaliyonipata hapa Ohio.

Bastola yangu ya kwanza ilikuwa ya milimita 9, fupi na nyepesi, niliyoichagua kwa sababu ya umbo lake tu. Kwa miezi mitatu risasi zangu zilitua chini ya shabaha, upande wa kushoto, nami nikiulaumu mtutu. Siku moja mwalimu wa uwanjani alinijazia magazini (kisanduku cha risasi cha bastola) akichanganya risasi halisi na za bandia bila kunionyesha mpangilio wake. Nilipoifikia ya bandia nilivuta kifyatulio, mlio haukutoka, lakini mdomo wa bastola ulizama chini mbele ya macho yangu. Mkono ulikuwa ukiuogopa mshindo kabla haujaja.

Bastola ya .22 huuondoa woga huo. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa takriban gramu 2.6, ilhali ya milimita 9 hufikia gramu 7.5 au 8, hivyo msukumo unaorudi mkononi ni mdogo sana; na kwa kuwa bei yake ni nafuu, utafanya mazoezi mengi zaidi. Hata kwenye Olimpiki, bastola za mita 25 ni za .22.

Unapochagua, ishike kwa uthabiti uone kama ncha ya kidole cha shahada inakifikia kifyatulio bila mshiko kulegea. Isipofika, iache hata kama inasifiwa. Mtutu mrefu huzitenganisha alama mbili za kulengea, na kosa dogo huonekana mapema. Mimi natumia bastola ya .22 iitwayo Ruger Mark IV, ya chuma cha pua yenye mtutu wa inchi 5.5, nzito kupita kilo 1, na uzito huo hutuliza mkono. Tangu ilipotoka mwaka 2016 hufunguliwa kwa kitufe kimoja ili isafishwe, nafuu kubwa kwa sababu risasi za .22 huacha masizi mengi.

Kabla ya kununua, kodi mbili tatu uwanjani. Vaa miwani na kinga ya masikio, mtutu uelekee shabaha wakati wote, na kidole kikae nje ya kifyatulio hadi umeshalenga. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kuwashika watoto, kwa maana vumbi la madini ya risasi hubaki kwenye ngozi.