Jibu: Wazazi wanafuta hesabu za watoto
Salamu mwalimu mwenzangu. Umeandika kwamba wazazi wa Gredi ya 2 wanafuta kazi ya mtoto ya 47 + 38 kwa kuwa mtoto ametenganisha makumi na mamoja badala ya kupanga wima. Kwanza angalia kama daftari lina mfano uliofanywa darasani. Mara nyingi mzazi hukasirika kwa kukosa pa kutazamia. Kwenye kikao na wazazi usiwahutubie kuhusu CBC (mtaala wa umilisi), watasinzia. Wape vijiti wavifunge kumikumi kwa raba: mafungu 4 na 3, vijiti 7 na 8. Vile 15 vikitoa fungu jipya, waambie hiyo ndiyo 1 wanayoibeba juu siku zote. Kwangu ubishi mwingi huishia hapo. Anayeshikilia njia yake mwache, zote zinatoa 85, ila asimfutie mtoto.