Mama anauliza: hii ni phlox ama telefone inanidanganya?

Jambo muandishi. Niko Ibanda, Bukavu. Mbele ya nyumba niko na maua ya rangi ya rozi, petali tano, katikati jicho nyekundu. Mtoto aliipiga foto, telefone ikasema ni phlox, ua ya bustani. Nikafungua kitabu ya mimea ya Congo, familia ya phlox siioni. Nani anadanganya? Na tena kuko kamba ya jirani imepanda ku ukuta yangu, maua kama kengele, inafunguka kijani kisha inageuka violet, nitaimaliza namna gani?

Jambo mama. Kitabu haina kosa. Inaandika mimea yenye inaota yenyewe huku kwetu, na familia ya phlox iko na aina kama 400, mingi ya Amerika, zaidi magharibi ya Marekani. Afrika haina ata moja ya kwake, zenye tunaona zilikuja na watu wa bustani.

Sasa kata jani moja kwa shina. Ikitoka maziwa, achana na phlox, hiyo ni pervenche ya Madagaska, njo ile watu wanapanda mbele ya nyumba kila pahali (watoto wasiitafune, ni sumu, ata kama wanatoa ndani yake dawa ya kansa). Kama maziwa haiko, pasua ua na ukucha, toka mdomo mpaka chini ya mrija wake: stameni (vijiti vya unga) za phlox ziko tano lakini hazilingane, ingine juu ingine chini, kama watu wako ku ngazi. Kisha tazama kale kajiti ka katikati, ncha inapasuka tatu. Ile tatu njo utafute. Petali tano haikusaidie kitu, maua mingi sana iko nazo, ata Pentas, ua yetu ya huku, lakini yeye ncha ni mbili na ovari (kifuko ya mbegu) inakaa chini ya ua.

Lakini ile kamba, mama! Angalia mwisho wa jani, kama kuko kauzi kanajiviringa na kukamata ukuta, na kengele inakaa juu ya majani ya kijani kama kikombe ku sahani, basi ni Cobaea scandens ya Meksiko, na yeye ni wa familia ya phlox kabisa. Pengine mtoto alipiga foto ua yenye haiko ya familia ya phlox, akaacha ile yenye iko! Ing'oe na mizizi mbele matunda ikauke, juu mbegu iko na mabawa, upepo ukiibeba utakosana na avenue yote.