Kwa nini asidi hafifu inakula besi sawa na asidi kali

Mdogo wangu swali lako ni zuri na sipendi ukijibiwa kwamba ukariri tu fomula ndo basi. Unasema umepima ml 25 za asidi ya haidrokloriki na ml 25 za asidi ya ethanoiki, ile iliyomo kwenye siki, zote moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa chembe), ukadondoshea besi, yaani sodiamu haidroksaidi, ya 0.1 hiyohiyo, na bureti, ule mrija wenye vipimo unaodondosha besi, ikasoma ml 25 kwa zote mbili. Sasa unashangaa, kama ethanoiki ni hafifu mbona haijamalizwa na besi kidogo.

Mimi kazi yangu ni ya maabara, naandaa miyeyusho na kusimamia wanafunzi wakifanya praktiko, na hapa ndo nawaona wengi wanakwama kuliko sehemu nyingine yoyote. Wanachanganya asidi kuwa kali na asidi kuwa nyingi, wakati hivyo ni vitu viwili kabisa.

Haidrokloriki ikiingia kwenye maji molekyuli zake karibu zote zinaachia ayoni za haidrojeni, yaani chembe zenye chaji, papo hapo, ndo maana pH, kipimo cha wingi wa ayoni hizo ambacho hushuka zikiongezeka, inasoma 1. Ethanoiki ya kiwango hichohicho, kwenye kila molekyuli 1,000 zilizoachia ni kama 13 tu, zilizobaki bado nzima, na pH inakaa kwenye 2.9 hivi. Usione 1 na 2.9 ukadhani zimekaribiana, hicho kipimo alichokileta Sørensen wa Denmaki mwaka 1909 kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo hapo ayoni zimepishana karibu mara 75!

Haya, besi ikianza kudondoka kwenye ethanoiki, zile ayoni chache zilizoachiwa zinakamatwa na haidroksaidi na kuwa maji. Molekyuli nzima nazo zinaachia nyingine kuziba pengo, besi inakamata tena, zinaachia tena, inaenda hivyo mpaka zinaisha zote. Ni kama watu wawili wenye hela sawa, mmoja kazishika zote mkononi na mwingine kazifungia kabatini anatoa kidogo kidogo, ukiwadai wote mpaka waishiwe utaondoka na kiasi kilekile. Bureti inahesabu asidi yote iliyomo, pH inakuonyesha ile iliyoachiwa kwa wakati huo tu.

Na hafifu haimaanishi salama, hili naomba ulishike kweli. Asidi ya haidrofloriki kwa mahesabu ni hafifu lakini inapenya ngozi na kunyakua kalsiamu mwilini, inaweza kuua mtu.

Kuhusu mwenzako aliyetumia methaili orenji kwenye ethanoiki akapata ujazo mdogo na rangi inayobadilika polepole, shida ni kiashirio alichochagua, yaani ile dawa inayobadili rangi kuonyesha asidi imeisha. Methaili orenji inabadilika kati ya pH 3.1 na 4.4, na ethanoiki ikifika 4.4 hata nusu yake haijaisha, ni kama theluthi tu. Mwisho halisi wa hiyo taitresheni, yaani huko kudondoshea besi mpaka asidi iishe, uko kwenye 8.7 hivi, haukai kwenye 7 kama wengi wanavyodhani, kwa sababu ayoni za ethanoeti zilizobaki zinachukua haidrojeni kutoka kwenye maji na kuacha haidroksaidi. Hapo inatakiwa fenolftaleini, inayoanza kuwa pinki kwenye 8.2. Kwa haidrokloriki kiashirio chochote kati ya hivyo viwili kinafaa maana pale mwishoni pH inaruka kwa tone moja tu.

Kama mna pH mita rudieni zote mbili halafu simameni kwenye ml 12.5 msome. Haidrokloriki itakuwa kwenye 1.5 hivi na ethanoiki kwenye 4.8, na zote bado zitadai ml 12.5 nyingine.