Umepewa dawati la uwanja wa ndege: yasome haya kabla ya kikao cha kwanza

Ukipangiwa kusimamia uhusiano wa mji na uwanja wa ndege ulio jirani, wenzako ofisini watakupa pole. Wanadhani kazi yenyewe ni kupokea simu za watu waliokosa usingizi. Simu zitakuja, tena nyingi, lakini hizo ni sehemu ndogo. Kubwa ni kujua nani ana mamlaka juu ya nini, na kuhakikisha mji unayatumia mamlaka yake wakati bado yana faida.

Anza na yasiyo yako. Njia za angani, mwinuko wa kutua, na katika nchi nyingi hata saa za kuruka, huamuliwa na serikali kuu au mamlaka yake ya anga. Mji wa Burbank, California, uliwahi kupiga marufuku ndege za jeti kuruka kati ya saa 5 usiku na saa 1 asubuhi. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1973 majaji 5 dhidi ya 4 wakasema mji hauna uwezo huo. Sheria za nchi yako huenda ni tofauti, kwa hiyo zisome wewe mwenyewe, usisimuliwe. Diwani akija na hasira kwamba "tuwafungie usiku", mweleze mapema, ninyi wawili tu, kile kinachowezekana na kisichowezekana. Akiyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa wakili wa uwanja, mbele ya wapiga kura wake, hatakusamehe.

Yaliyo yako yako ardhini: vibali vya ujenzi, mpango wa matumizi ya ardhi, barabara, mitaro, mara nyingine zimamoto na polisi. Hiyo si mali ndogo. Uwanja unaweza kujenga jengo la abiria la kupendeza, lakini abiria hao watapita kwenye makutano yako, na maji ya paa lake yatatelemkia kwenye mkondo unaopita mtaani kwako. Ukikaa mezani ukijua hivyo, utazungumza tofauti na mtu aliyekuja kuomba.

Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipitisha utaratibu wa kushughulikia kelele kwa njia nne: kupunguza kelele kwenye ndege zenyewe, kupanga matumizi ya ardhi, kubadili namna ndege zinavyoruka na kutua, na kuweka vizuizi vya uendeshaji, ambavyo haifai viwe ndiyo kimbilio la kwanza. Itazame hiyo ya pili. Ndiyo iliyo mikononi mwa halmashauri, na ndiyo inayosahaulika, kwa sababu ya kwanza inakuja na ndege mpya bila sisi kunyanyua kidole, na ya nne ndiyo inayopigiwa makofi mikutanoni.

Nimeliona jambo hili likijirudia. Ndege mpya zinapunguza kelele, eneo la kelele kwenye ramani linanywea, na mji unafurahi na kutoa vibali vya maghorofa ya kuishi kwenye ardhi iliyobaki nje ya mstari. Baadaye safari zinaongezeka, mstari unarudi ulikokuwa, na wapangaji wapya wanakuja na malalamiko mapya. Tunaandika barua kali kwa uwanja. Uwanja unajibu kwa nakala ya kibali chenye mhuri wetu. Hapo hakuna la kusema.

Kwa hiyo kabla hujadai lolote, pitia vibali vya upande wako. Chini ya njia za ndege kutua, maghala, karakana, maegesho na ofisi huishi vizuri. Shule, hospitali na nyumba haziishi vizuri. Nyumba zikishindikana kuzuiwa, weka masharti ya kuzuia sauti ndani ya kibali, na taarifa ya kelele iandikwe kwenye hati ili mnunuzi asije akasema hakuambiwa. Kumbuka pia kuwa dirisha zito linalozuia sauti linafanya kazi likiwa limefungwa tu. Mradi wa kubadilisha madirisha usiokuwa na njia ya kuingiza hewa ni mradi wa kuwapikia watu joto.

Kuna na suala la urefu. Kanuni za ICAO huweka nyuso za kufikirika angani ambazo majengo hayapaswi kuzitoboa. Kwa viwanja vyenye njia ndefu za kurukia, uso mmojawapo ulilala mita 45 juu ya usawa wa uwanja, ukaenea hadi kilomita 4. Kanuni hizi hufanyiwa marekebisho, basi omba ramani ya sasa, usitegemee ile iliyobandikwa ukutani. Watu hukagua urefu wa jengo na kusahau winchi itakayolijenga, ambayo daima ni ndefu kuliko jengo. Sharti la winchi liwe kwenye kibali tangu siku ya kwanza.

Sasa nenda kwenye takwimu za kelele, maana hapa ndipo wageni wengi hupotea. Ramani unazopewa zinaonyesha wastani. Kipimo cha Marekani cha DNL hujumlisha kelele za mchana na usiku na kuipa kila safari ya kati ya saa 4 usiku na saa 1 asubuhi adhabu ya desibeli 10. Ulaya hutumia Lden, ambayo huongeza pia desibeli 5 kwa saa za jioni. Marekani, nyumba zilizo chini ya DNL 65 huhesabiwa kuwa zinafaa kwa makazi. Ni vipimo halali na utavihitaji kwenye sheria na mikataba. Lakini hakuna mtu anayeamshwa na wastani. Anaamshwa na ndege moja saa 10 alfajiri.

Sydney waliona gharama ya kulisahau hilo. Njia ya tatu ya kurukia ilipofunguliwa mwaka 1994, kilio kikubwa kilitoka hata kwa watu waliokuwa nje ya mistari ya ramani. Walikuwa wameitazama ramani, wakajiona wako salama, kisha ndege zikapita juu ya mapaa yao. Baada ya hapo Australia ilianza kueleza kelele kwa lugha nyingine pia: ni safari ngapi kwa siku zitakazozidi desibeli 70 mahali ulipo, na ni saa zipi zitakuwa na utulivu. Wewe omba vyote viwili. Mkurugenzi wako atataka mistari, mama mwenye mtoto mchanga atataka idadi na saa, na wote wawili wana haki ya kujibiwa.

Kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha ni mabwawa. Mji unataka mabwawa ya kupunguza kasi ya maji ya mvua, tena yenye nyasi na bata, watu wapate pa kupumzikia. Uwanja hautaki bata hata mmoja karibu na injini ya ndege. Pande zote mbili zinazungumzia usalama wa watu, na zote ziko sahihi. Nimekaa kwenye vikao ambako mhandisi wa mitaro na mtaalamu wa wanyamapori wa uwanja walikuwa wanapishana kabisa, kila mmoja akidhani mwenzake ni mkaidi. Suluhisho lipo, ila liwekwe kwenye michoro mapema: bwawa jembamba na refu badala ya la duara, kingo zenye mteremko mkali, mimea isiyovutia ndege wa majini, au maji yapelekwe chini ya ardhi. Mwongozo wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, unataka maji ya mvua yawe yamekauka bwawani ndani ya saa 48. Ni kipimo kizuri cha kuanzia mazungumzo popote ulipo. Dampo nalo ni hivyo hivyo. Anayepanga dampo chini ya njia ya ndege kutua anapanga mkutano wa kunguru na abiria. Na mkiwa kwenye habari ya maji, uliza kuhusu povu la zimamoto lililotumika kwenye viwanja vya mazoezi. Aina za zamani zilikuwa na kemikali za PFAS ambazo hazioziki na huingia kwenye maji ya ardhini. Omba matokeo ya vipimo, si maelezo ya mdomo.

Fedha nitazigusa kwa kifupi. Madiwani wengi hudhani uwanja ni mfuko wa kuchotea. Marekani, kwa mfano, sheria inataka mapato ya uwanja yatumike kwa uwanja, hivyo ombi la "mchango wa maendeleo" hukwama hata kama meneja ana moyo mzuri. Kinachopita ni gharama inayothibitika: zimamoto walioitwa mara ngapi, barabara ipi imeharibiwa na malori ya nani, taa za makutano zinazohitajika kwa sababu ya jengo lipi. Weka hesabu hizo kila mwezi. Ukizitafuta wiki ya majadiliano, utaleta makadirio, na makadirio hupunguzwa.

Nani alipe madhara ya kelele ni swali la zamani. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu hiyo hiyo ya Marekani iliamua kesi ya mfugaji ambaye kuku wake walikuwa wakijigonga ukutani na kufa kwa hofu ya ndege za kijeshi zilizopita juu ya banda. Serikali ikaonekana imetwaa sehemu ya matumizi ya ardhi yake. Mwaka 1962 mahakama ikaongeza kwamba aliyejenga uwanja bila kununua eneo la kutosha ndiye wa kudaiwa. Mwanasheria wako anapaswa kuzijua kesi za nchi yenu za namna hii kabla hamjasaini chochote.

Mkataba wenyewe uandikwe kama vile waliouandika hawatakuwapo, kwa sababu hawatakuwapo. Mji wa Denver, Marekani, na Kaunti jirani ya Adams walisaini makubaliano mwaka 1988, uwanja mpya ukafunguliwa 1995. Makubaliano yaliweka viwango vya kelele kwa sehemu maalumu zilizotajwa, na malipo ya dola 500,000 kwa ukiukaji usiorekebishwa. Kwa macho ya mpangaji ni kazi nzuri sana. Hata hivyo mwaka 2018 kaunti ilikwenda mahakamani, na moja ya mabishano makubwa ilikuwa kama kelele zipimwe kwa vifaa vilivyowekwa ardhini au zikokotolewe kwa programu ya kompyuta. Miaka 30 baada ya kusaini, watu walikuwa wanabishania kipimo. Andika kifaa gani, kinakaa wapi, nani anakikagua, data inatolewa lini na kwa nani. Kurasa hizo zinachosha kuandika, nazo ndizo zitakazofunguliwa mahakamani.

Jambo jingine ni muda. Tathmini ya athari kwa mazingira inapokufikia mezani, maamuzi makubwa yameshafanywa. Maoni yako yatapewa namba na kujibiwa "yamezingatiwa". Mahali pa kuingilia ni mpango kabambe wa uwanja, na hasa makadirio ya safari yanayoutangulia. Omba makadirio ya saa ya msongamano, si ya mwaka peke yake. Abiria milioni kadhaa kwa mwaka hawakuambii kitu kuhusu foleni ya saa 12 asubuhi, ambapo zamu ya wafanyakazi wa uwanja inakutana na mabasi ya shule. Na ukiweza, pata kiti kwenye kamati yao ya mpango, hata bila kura. Usimdharau anayekualika unywe chai tu, maana ndiye atakayekupigia simu kabla barua rasmi haijatoka.

Frankfurt walijadiliana kwa njia ya usuluhishi kuanzia 1998 hadi 2000, na zuio la safari za usiku, kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri, likawa sehemu ya kile kilichopendekezwa pamoja na njia mpya ya kurukia. Njia ikafunguliwa 2011, na zuio likathibitishwa na mahakama mwaka uliofuata. Angalia urefu wa muda huo. Waliokaa mezani mwanzoni wengi hawakuwa wale walioona mwisho. Ndiyo maana kumbukumbu za vikao zina thamani kuliko hotuba: nani aliahidi nini, tarehe ipi, kwa masharti gani. Zihifadhi ofisini, si kwenye barua pepe yako binafsi, na umpe nakala mwenzako wa upande wa pili akazisahihishe wiki hiyo hiyo, kabla kila mmoja hajaanza kukumbuka kivyake. Wiki yako ya kwanza omba mafaili matatu: mkataba uliopo pamoja na viambatisho vyake vyote, orodha ya vibali vilivyotolewa chini ya njia za ndege kutua tangu ramani ya mwisho, na tarehe ambazo kila kipengele kinaisha muda wake.