Jibu: Picha mbili za Landsat zinatosha kupima joto la mji wa Dodoma?

Mkuu, usikabidhi hiyo kazi. Nimesoma swali lako mpaka pale uliposema una picha mbili za setilaiti ya Landsat 8, ya Machi 2014 na ya Oktoba 2023, zote hazina wingu, ukatoa moja kwa nyingine na Dodoma yote ikawa nyekundu. Chai ikanipoa mkononi. Hiyo ramani ninayo! Imo kwenye tasnifu yangu, ninazo nakala nne, jalada gumu, maandishi ya dhahabu. Moja inazuia mlango usijibamize na huu upepo wetu.

Mimi nilichukua ya Aprili 2014 na ya Oktoba 2019. Aprili mvua ndiyo zinaishia, mtama na uwele vimesimama, majani kila mahali. Oktoba mashamba yamevunwa zamani, umebaki udongo mwekundu na mibuyu mitupu. Ardhi yenye unyevu na majani inatoa mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Ardhi kavu iliyo wazi haina pa kulipeleka, inachemka tu. Kwa hiyo mimi nilipima kiangazi, nikakiandikia sura tano, nikakiita athari za serikali kuhamia Dodoma.

Siku ya utetezi mzee mmoja wa jopo, mpole kabisa, aliweka kidole pembeni ya ramani, kule njia ya Hombolo, akauliza: "Kijana, na hapa nako wamejenga wizara?" Pori lilikuwa limepanda joto kuliko Majengo sokoni. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, sijui nilikuwa namcheka nani. Nilirudia muhula mzima: ada, kodi ya chumba, na kibarua nilichoahidiwa kikaenda kwa mwingine.

Aliyenipoteza ni msimamizi wangu. "Tafuta picha isiyo na wingu, mwezi si hoja." Mwezi si hoja! Mtu kaishi Dodoma miaka na miaka, Aprili anakanyaga tope, Oktoba anafuta vumbi mezani kila saa, halafu mwezi si hoja. Siku ya utetezi alikuwa anachezea simu. Wa pili ni yule jamaa wa video za dakika kumi anayemaliza kwa "na hapo tayari una kisiwa cha joto". Huna kisiwa, una rangi.

Sasa shika hili, mengine hata ukisahau sawa: kisiwa cha joto ni tofauti ya mjini na nje ya mji NDANI YA PICHA ILEILE. Chora eneo la mji, chora eneo la mashamba nje yake, mwinuko usipishane sana, usiingize bwawa la Hombolo wala vilima. Pata wastani wa kila eneo, toa wa shamba kwenye wa mji. Hiyo namba ndiyo unayolinganisha mwaka kwa mwaka, tena Oktoba kwa Oktoba. Na usitegemee picha moja. Landsat 8 inarudi palepale kila baada ya siku 16, kwa hiyo chukua zote za Septemba na Oktoba utafute namba ya kati. Angalia pia mvua za mwaka huo zilikuwaje.

Jiandae kwa kioja: Oktoba Dodoma mji unaweza kutoka wa baridi kuliko mashamba. Usidhani umekosea, mimi nilidhani nikafuta kazi ya siku mbili. Setilaiti inapita saa nne na ushee asubuhi; udongo mtupu umeshapata moto, zege na vivuli vya miti ya mjini bado. Usiku ndipo zege linatapika joto. Kwa usiku tumia MODIS, chombo kilicho kwenye setilaiti ya Aqua; kwa miaka mingi ilipita kama saa saba na nusu usiku, ila tangu 2022 inazidi kuchelewa, na pikseli yake, yaani kila kidoto cha picha, ni kilomita nzima. Na mabati mapya yanayong'aa yanakidanganya kihisi cha setilaiti, yanaonekana ya baridi wakati chini yake watu wanaiva.

Bendi za joto za Landsat 8 ni mbili, tumia ya 10. Ya 11 ilisumbuliwa zaidi na mwanga unaopenya pembeni, achana nayo. Ukishusha bidhaa ya joto la ardhi ya Collection 2 (toleo la data za Landsat), zidisha namba ya kila pikseli kwa 0.00341802, jumlisha 149 upate Kelvin, halafu utoe 273.15 upate Selsiasi. Mimi hiyo ya mwisho niliisahau, Dodoma ikafika nyuzi 310. Nikajua hapa nimepima jehanamu.

Picha ya Machi ifute leo. Shusha za Septemba na Oktoba kuanzia 2013, na ukipata hizo tofauti ziweke hapa tuzione kabla hujapeleka kujalidi.