Msomaji Auliza: Majirani Tunaotaka Kupinga Vita vya Kongo Tuanzie Wapi?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zetu. Sisi ni majirani wa mtaa mmoja huku Kayole, Nairobi. Baadhi yetu ni Wakenya na wengine ni Wakongo waliokimbia Kivu, mashariki mwa Kongo. Tangu mji wa Goma huko ulipotekwa na waasi wa M23 mnamo Januari 2025, tumekuwa tukikutana Jumapili jioni katika ukumbi wa kanisa kuwaombea waliobaki nyumbani, na sasa tunataka kupinga vita hivyo hadharani. Kuna wanaopendekeza maandamano makubwa hadi katikati ya jiji na kuna wanaoogopa polisi, huku ndugu zetu wakimbizi wakiuliza kama watahatarisha hifadhi yao. Tena wapo majirani Wanyarwanda na Wabanyamulenge (Wakongo wa asili ya Kitutsi, ambao wengi huwahusisha na M23) ambao wameanza kutukwepa. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu zetu wa Kayole, kabla ya kubishana kuhusu maandamano, amueni kwanza mnataka kumwambia nani, na mnamtaka afanye nini. Bango linalosema “Tunataka amani” halimuudhi mtu, na kwa sababu hiyo hiyo halimwajibishi mtu. Ninyi mko Kenya, na ipo taasisi ya Kenya ambayo imewahi kukata shauri kuhusu vita hivyo. Mnamo Novemba 2022 Bunge la Taifa liliidhinisha wanajeshi wa Kenya zaidi ya 900 wapelekwe mashariki mwa Kongo katika kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kuwa Kifungu cha 240 cha Katiba hakiruhusu wanajeshi wetu watumwe nje kulinda amani bila idhini ya Bunge. Kikosi hicho kilifunga virago Desemba 2023, baada ya serikali ya Kongo kukataa kukiongezea muda. Kwa hiyo mbunge wenu akiwaambia kwamba mambo ya Kongo hayamhusu, mkumbusheni kura hiyo.

Ningewashauri muanze na waraka wa maombi kwa Bunge, haki ambayo Kifungu cha 119 kinampa kila mtu. Sheria ya mwaka 2012 inayosimamia maombi hayo inakubali waraka ulioandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, mradi lugha iwe ya heshima na pasiwe na maneno yaliyofutwa au kuchomekwa juu ya mengine. Waraka unawasilishwa kwa Karani wa Bunge. Unaeleza kama suala hilo liko mahakamani na kama mmewahi kulifikisha kwa mamlaka nyingine, kisha unamalizia na ombi lililo wazi. Ukiwa na kurasa zaidi ya moja, kila ukurasa lazima utaje mada yake. Hapa vikundi vingi hujikwaa, kwani karatasi za sahihi huzungushwa nyumba kwa nyumba zikiwa tupu juu, na mtu hawezi kujua alitia sahihi kukubali nini. Kila anayetia sahihi aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho, na asiyejua kuandika aweke alama ya kidole gumba. Kwa hiyo mtakapozunguka beba kidau cha wino na kitambaa cha kufutia. Kazi hii inachosha, lakini inawapa nafasi ya kuzungumza na jirani mlangoni pake, na mazungumzo hayo ndiyo yatakayowaletea wanachama.

Kuhusu polisi, hofu yenu haikosi msingi, hasa baada ya maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Muswada wa Fedha, ambapo waandamanaji waliuawa kwa risasi. Hata hivyo, sheria haiwataki muombe kibali, ingawa neno hilo hutajwa sana kwenye dawati la kituo. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, nayo Sheria ya Utaratibu wa Umma inamtaka mwandalizi ampe mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Taarifa itaje jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na mahali au njia mtakayopita. Shughuli yenyewe ifanyike kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Pelekeni nakala mbili na muombe moja igongwe muhuri. Mwandalizi awepo mwanzo hadi mwisho, kwa sababu sheria inamtaka asaidie kulinda utulivu.

Mkiniuliza mimi, nitawaambia muache safari ya katikati ya jiji. Msafara mkubwa huvutia wapita njia wasiojua mnachodai, na huwavutia wezi pia. Wanawake wa Liberia walioongozwa na Leymah Gbowee mwaka 2003 walichagua uwanja ulio karibu na soko la samaki mjini Monrovia, kando ya barabara aliyopita Rais Charles Taylor, wakakaa hapo siku baada ya siku, juani na mvuani, wamevaa nguo nyeupe. Walikuwa Waislamu na Wakristo pamoja, na dai lao lilieleweka: vita vikome na wahusika wazungumze. Walipokubaliwa kuonana na Taylor walimtaka aende kwenye mazungumzo, na yalipofanyika Accra baadhi yao waliyafuata huko na kuizuia milango ili wajumbe wasitoke bila makubaliano. Mkataba ulitiwa sahihi Agosti mwaka huo. Ninyi hamhitaji kukaa kila siku, lakini saa moja kila Jumamosi, mahali pale pale, na bango lile lile, itawafanya mjulikane, na polisi nao watawazoea.

Suala la wakimbizi linahitaji uangalifu. Haki ya Kifungu cha 37 ni ya kila mtu, si ya raia peke yake. Lakini Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi, katika Kifungu cha 3, unawakataza kushiriki vitendo vya uasi dhidi ya nchi mwanachama, na unazitaka serikali ziwazuie wasizue uhasama kati ya nchi, iwe kwa silaha, magazetini au redioni. Kutaka mapigano yasitishwe si uasi. Kuchangia fedha kundi lolote lenye silaha, au kulisifu jukwaani, ni jambo jingine kabisa, nanyi mlikatae waziwazi katika kanuni zenu, hata kwa Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa serikali ya Kongo. Kwa tahadhari zaidi, taarifa mtakayowapa polisi itiwe sahihi na Mkenya, na mkimbizi asiyetaka kupigwa picha asipigwe.

Kuhusu majirani wanaowakwepa, nendeni kwao kabla hamjaandika bango la kwanza. Mjini Wajir mwaka 1993, wakati koo zilipokuwa zikiuana, wanawake wa koo hizo, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, walianzia sokoni, wakihakikisha kila mwanamke anauza na kununua bila kuulizwa ukoo wake. Nanyi hakikisheni kwamba jirani yenu Mnyamulenge anaweza kununua mboga bila kuulizwa ametoka wapi. Mabango yataje serikali, majeshi na makundi, wala yasitaje kabila. Mkitaka maneno yenye uzito, tumieni Azimio 2773 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa kwa kauli moja tarehe 21 Februari 2025: liliitaka Rwanda iache kuisaidia M23 na kuondoa wanajeshi wake, na likalitaka jeshi la Kongo nalo liache kuwasaidia FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda. Mtu akiwashutumu kwamba mnapendelea upande mmoja, msomeeni sehemu zote mbili.

SWALI: Je, kikundi kama hicho lazima kisajiliwe? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Kukutana na kupeleka maombi hakuhitaji usajili. Mtakapoanza kuchanga fedha, jisajilini katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu, kwani benki itawadai cheti kabla ya kuwafungulia akaunti ya kikundi. Michango isikae kwenye simu ya mwenyekiti, hata awe mwaminifu namna gani.